SOMO: Namna ukomo wa mwendo unavyowekwa kwenye barabara za mjini, na mwananchi anaingilia wapi

Assalaam alaykum wanajamvi.

Tangu njia za ndani zianze kutiwa lami hapa Unguja, swali ninaloulizwa sana ni nani anayeamua kwamba hapa gari ipite kilomita 50 kwa saa na pale 30. Wengi wanadhani yupo mkubwa mmoja ofisini anayechagua namba anayoipenda. Sivyo. Ipo kazi inayofanywa, ina mpango wake, na sehemu kubwa ya kazi hiyo mwananchi wa kawaida anaweza kuielewa, na nyengine kuifanya mwenyewe kabla hajabisha hodi ofisi ya mtu. Nawaandikia zaidi wanaoishi karibu na skuli na vyuo vya Kurani, kwa sababu huko namba ikikosewa anayeumia ni mtoto.

HATUA YA 1: Ijue barabara ni ya nani

Ile sheria ya usalama barabarani ya Bara ya mwaka 1973, inayotajwa sana kwa 50 yake ya kwenye makaazi, si sheria ya huku. Usafiri wa barabarani si jambo la Muungano. Zanzibar ina sheria yake na wizara yake. Polisi ndio wa Muungano, kwa hivyo trafiki anayekusimamisha Michenzani ni wa jeshi lile lile la Dar es Salaam, ila hapa anasimamia sheria ya Zanzibar.

Barabara kubwa, kama ya uwanja wa ndege au ya Bububu, zinaangaliwa na Wakala wa Barabara. Za ndani ya mitaa mara nyingi mazungumzo yake yanaanzia Baraza la Manispaa. Usikisie. Nenda kwa sheha wako umuulize, kwani barua ikipelekwa ofisi isiyohusika hulala huko huko.

HATUA YA 2: Anza na namba ya sheria

Pasipo na kibao, sheria ina namba yake ya jumla. Mhandisi haanzi na karatasi tupu. Anaanza na namba hiyo, na akitaka kuishusha au kuipandisha kwenye kipande fulani cha njia lazima aoneshe sababu kwa maandishi. Uchunguzi wote unaofuata hapa chini ni kutafuta sababu hiyo.

HATUA YA 3: Pima mwendo wa kweli

Watu wa barabara hupima kwa tochi, sawa na ile ya trafiki, au hutandaza mirija miwili ya mpira juu ya lami inayohesabu kila tairi linalopita. Kuna masharti. Hupimwa gari inayokwenda kwa hiari yake, si ile iliyokwama nyuma ya gari la ng'ombe. Haipimwi siku ya mvua wala saa ya foleni. Anayepima hasimami wazi na fulana inayong'ara, kwa sababu dereva akimuona tu anakanyaga breki na kipimo kimeharibika. Kwa kawaida zinatafutwa gari zisizopungua 100, na hapa kwetu vespa na bodaboda lazima ziingie hesabuni.

Wewe huna tochi, lakini una simu. Chukua utepe, pima mita 50 pembezoni mwa njia, weka alama mbili za chaki. Simama mbali na lami, pahala unapoona alama zote mbili. Gari ikigusa alama ya kwanza bonyeza saa, ikigusa ya pili simamisha. Kisha gawa 180 kwa sekunde ulizopata. Sekunde 6 ni kilomita 30 kwa saa. Sekunde 4.5 ni 40. Sekunde 3.6 ni 50. Sekunde 3 ni 60. Angalia lakini: ukichelewa nusu sekunde kuisimamisha saa, 58 inasomeka 50. Kama njia imenyooka, pima mita 100 na ugawe 360, kosa linapungua.

Ukishapata namba zako zipange kutoka ndogo kwenda kubwa. Tuchukue mfano wa gari 20, namba nimezitunga ili tujifunzie: 28, 30, 31, 33, 34, 36, 37, 38, 39, 40, 41, 42, 43, 44, 46, 47, 49, 52, 58, 67. Asilimia 85 ya 20 ni 17. Hesabu hadi gari ya 17, utaikuta 49. Maana yake gari 85 katika kila 100 zinakwenda 49 au chini ya hapo. Huo ndio mwendo wa asilimia 85, na kwa miaka mingi Marekani imeutumia kuwa msingi wa kuweka kibao. Kwa namba zetu hizi, kibao kingesoma 50. Hoja yao ni kwamba madereva wengi wana akili zao, wanaisoma njia na kuchagua mwendo unaofaa, na ukiweka namba ya chini mno hakuna atakayeifuata.

Hoja hiyo ina ukweli kwenye barabara ya shamba isiyo na watu. Kwa mjini mimi siikubali, na sababu ni moja: kipimo hiki kinamuuliza dereva peke yake. Mtoto anayevuka haulizwi, wala bibi aliyebeba kikapu cha samaki. Isitoshe, kinapanda chenyewe. Njia ikitiwa lami mpya madereva wanaongeza moto, ukirudi kupima unakuta 60, ukifuata kipimo unapandisha kibao, na mwaka wa pili wameongeza tena. Wamarekani wenyewe wameanza kukilegeza. Mwongozo wao wa taifa wa alama za barabarani, toleo la Desemba 2023, unawataka wahandisi waangalie pia matumizi ya eneo, waenda kwa miguu na ajali zilizotokea. New York ilishusha namba yake ya jumla hadi maili 25 kwa saa, kama kilomita 40, Novemba 2014.

HATUA YA 4: Waangalie waliomo njiani

Hapa ndipo nawaomba mtulie kidogo.

Mtoto anatoka chuoni na juzuu yake kifuani, anakimbilia mwenzake ng'ambo ya pili. Dereva wa 30 anakwenda mita 8 na kitu kila sekunde. Anahitaji kama sekunde moja kumuona na kukanyaga, kisha mita 5 hivi za breki kwenye lami kavu. Amesimama ndani ya mita 13. Dereva wa 50 anakwenda karibu mita 14 kwa sekunde. Pale mwenzake aliposimama kabisa, yeye mguu bado haujagusa breki. Kama mtoto yuko mita 13 mbele, anamgonga na 50 yake kamili. Yeye angehitaji mita 28. Na nguvu ya pigo haiendi sambamba na mwendo, inakwenda kwa mraba wake: pigo la 50 ni karibu mara tatu ya pigo la 30. Mvua za masika zikiteremka, urefu wa breki unazidi kwa wote wawili.

Ndiyo maana mkutano wa mawaziri uliofanyika Stockholm Februari 2020 ulitaka 30 pale ambapo magari na waenda kwa miguu wanachanganyika. Namba hiyo imeanzia kwenye mwili wa mtu, inavyoweza kuhimili. Kwa barabara ya mbele ya skuli, mimi ninaanzia hapo, halafu kipimo cha hatua ya tatu kinanionesha kazi iliyobaki: kama magari yanakwenda 49 na namba inayotakiwa ni 30, basi kuna 19 za kuondoa.

Andika kila kilichopo: skuli, chuo, msikiti, kituo cha afya, soko, kituo cha daladala. Andika na saa. Ofisa akija saa nne asubuhi atakuta njia kimya na watoto wako darasani. Skuli nyengine zina zamu mbili. Kishindo ni adhuhuri, zamu ya asubuhi inatoka na ya mchana inaingia, njia ile ile, wakati ule ule. Kisha baada ya alasiri kuna watoto wa chuo. Ijumaa ina saa zake. Ofisi haiwezi kuyajua haya kama mtaa haukusema.

Kuhusu ajali, omba takwimu za polisi lakini usiishie hapo. Mtoto akigongwa na vespa akachubuka, wazee wanazungumza, dereva analipa dawa, mambo yanakwisha barazani na hayaandikwi popote. Ulizia nyumba zilizo kando ya njia, andika mwezi na pahala ilipotokea.

HATUA YA 5: Namba na urefu wake

Kipande kiwe na mwanzo na mwisho unaoonekana, kibao kisizibwe na mkungu wala bango la biashara. Namba isibadilike kila baada ya hatua chache, dereva atachanganyikiwa.

HATUA YA 6: Njia ifanane na namba

Kibao peke yake hakimsimamishi mtu. Nenda Mji Mkongwe, ingia vichochoro vya Mkunazini; hakuna anayepita 50, na hakuna aliyewekewa kibao. Kuta zimeshamwambia. Barabara pana iliyonyooka yenye lami laini inamwambia dereva akimbie, hata ukimuandikia 30 kwa herufi kubwa kama mlango.

Kwa hivyo namba inakwenda na matuta, kivuko kilichonyanyuliwa, njia ya miguu, na upana uliopunguzwa pale watu wanapovuka. Tuta zuri ni la mviringo, urefu wake kufuata njia ni mita 3.7 na kimo kati ya sentimita 7.5 na 10. Gari inalipita kwa mwendo wa 30 hivi bila kuvunjika. Yale matuta ya zege yanayomwagwa usiku na vijana wa mtaa, membamba na makali, bila rangi, nawasihi muyaache. Yanamuangusha mtu wa vespa gizani na yanamtesa mjamzito anayewahishwa hospitali.

HATUA YA 7: Rudi upime

Baada ya miezi michache, pahala pale pale, saa zile zile. Namba zisiposhuka, kosa litafutwe kwenye njia kabla ya kumtupia dereva.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama wa Mpendae: Maalim, shukrani kwa somo. Skuli ya wanangu iko kando ya barabara kubwa. Barua niandike mimi au skuli?

Jibu: Mama yangu, iandike kamati ya skuli pamoja na mwalimu mkuu, wewe uwe mmoja wa watia saini, kisha ipitie kwa sheha agonge muhuri. Nakala mpe diwani. Iwe ukurasa mmoja: pahala, saa za watoto, mwendo mliopima, ajali mnazozijua, mnachokiomba. Msiandike tu "magari yanakimbia sana". Andikeni "kati ya gari 100 tulizopima saa sita mchana, gari kadhaa zilipita 50", na pahala pa "kadhaa" wekeni idadi yenyewe.

Dereva wa daladala, gari za 502: Sheikh, nyinyi mnaandika tu. Mkiweka 30 kila pahala hesabu ya tajiri tutaifikisha saa ngapi?

Jibu: Ndugu yangu, nakuelewa, na hesabu ya kila siku ni mzigo wa kweli; inamsukuma dereva mzuri kufanya asichokipenda. Lakini tupige hesabu pamoja. Kipande cha mbele ya skuli tuseme ni mita 300. Kwa 50 unakipita kwa sekunde 22, kwa 30 ni sekunde 36. Umepoteza sekunde 14. Hizo unazipoteza Darajani ukisubiri abiria mmoja ateremke na gunia lake. Na sisemi kila pahala. Barabara iliyo wazi, isiyo na makaazi wala kivuko, ina namba yake kubwa zaidi na ni haki yako.

Mzee wa Chake Chake: Huku Pemba tuna milima na kona. Kibao kinaweza kusema 50, lakini kona nyengine ukiingia na 50 unaishia mikarafuuni. Hapo aliyepima alipima nini?

Jibu: Shikamoo mzee wangu. Namba ya kibao ni kikomo, si amri ya kuifikia. Kwenye kona kinachopimwa zaidi ni umbali wa kuona: dereva aone mbele kwa urefu usiopungua ule anaouhitaji kusimama. Kona ikiwa imezibwa na mlima na anaona mita 20 tu, 50 haifai, kwa sababu tumeona inataka 28. Na hapo ni tambarare. Kwenye mteremko inataka zaidi. Kona kama hiyo yafaa iwe na alama yake ya tahadhari yenye mwendo wa chini. Kapimeni umbali huo kwa utepe, mtu mmoja asimame pale dereva anapoanza kuona, muandike.

Mwanafunzi: Maalim, yamefanikiwa wapi haya? Isije ikawa ni mambo ya Ulaya tu.

Jibu: Ulaya yapo, mji wa Graz kule Austria umeweka 30 kwenye mitaa yake tangu 1992. Lakini huna haja ya kwenda mbali, tazama ng'ambo tu. Dar es Salaam shirika la Amend lina mradi unaoitwa SARSAI, wa kurekebisha njia za karibu na skuli za msingi: njia za miguu, vivuko, matuta, vibao. Ulipata tuzo ya miji ya WRI Ross mwaka 2019. Hawakufanya kitu kikubwa cha kutisha. Walikwenda skuli moja moja, wakaangalia watoto wanapita wapi.

Bi mmoja wa Fuoni: Naomba mfano wa karatasi ya kurikodia, sisi kina mama tunataka kuanza Jumatatu.

Jibu: Mashaallah. Pigeni mistari, safu tano: saa, aina ya chombo, sekunde, mwendo, watoto waliovuka wakati huo. Muwe watatu, mmoja na saa, mmoja anaandika, mmoja anahesabu watoto. Mkimaliza pigeni picha karatasi zenu mziweke hapa, nitawasaidia kuzipanga.