Jinsi ya kuomba cheti cha tabia njema nchini Kenya ikiwa uliwahi kukamatwa na kesi ikaisha

Mtu aliyeshtakiwa kisha kesi yake ikafutwa hudhani mambo yamekwisha siku aliyotoka kortini. Kwa mahakama yamekwisha, lakini kwenye rekodi za Idara ya Upelelezi wa Jinai (DCI) huenda bado, kwa sababu alama za vidole alizochukuliwa aliposhtakiwa hubaki kwenye faili, na faili halijui kesi iliishaje hadi matokeo yafikishwe huko. Siku anapoomba cheti ili asajiliwe na Tume ya Huduma za Walimu (TSC), au ili aende kusoma ng'ambo, ndipo anapokuta kesi ya zamani ikionekana kana kwamba ingali mahakamani. Kwa hiyo, aliyewahi kushtakiwa asianze na maombi ya cheti, aanzie kortini.

Nenda kwenye masjala ya mahakama iliyosikiliza kesi yako, uombe nakala iliyothibitishwa ya mwenendo wa kesi pamoja na uamuzi au amri iliyoimaliza. Utahitaji nambari ya kesi. Ukiwa umeipoteza, beba tarehe uliyofikishwa kortini mara ya kwanza, jina kama lilivyoandikwa kwenye hati ya mashtaka, hata kama liliandikwa vibaya, na nambari ya kitabu cha matukio (OB) ya kituo ulichozuiliwa. Kuna ada ya kunakili na kuthibitisha, kwa hiyo dai risiti. Nakala isiyo na muhuri wala sahihi ya mahakama haitakufaa kitu.

Kabla ya kuondoka masjala, soma ni kifungu gani kilichotumika kumaliza kesi, kwa maana hapa ndipo wengi hukosea. Kuachiliwa chini ya kifungu cha 210 au 215 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai ni kuondolewa mashtaka kabisa: cha kwanza hutumika mahakama inapoona huna kesi ya kujibu, cha pili baada ya pande zote kusikilizwa. Kifungu cha 87(a) ni jambo jingine. Hapo upande wa mashtaka umeondoa kesi kabla hujatakiwa kujitetea, na sheria haiuzuii kukushtaki tena kwa mambo yale yale. Aliyeachiliwa kwa 87(a) hajapatikana na hatia yoyote, na ana haki ya kulisema hilo. Lakini asiandike popote kwamba mahakama ilimwona hana hatia, kwani haikufika huko.

Karatasi hizo zikishapatikana, ingia kwenye akaunti yako ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, uchague huduma za DCI, ujaze maombi ya cheti na ulipe. Ada imekuwa shilingi 1,050, ila thibitisha kiasi kinachoonyeshwa siku unayolipa. Kisha chapisha ankara na fomu ya C24, ambayo ndiyo huwekwa alama za vidole vyako kwa wino. Fomu hii huchapishwa mbele na nyuma ya karatasi moja. Mhudumu wa saiba akikutolea karatasi mbili, mrudishie hapo hapo, maana utarudishwa kwenye foleni kwa kosa hilo dogo. Wino hautaki haraka pia. Ikiwa kazi yako ni ya saruji, mawe au sabuni kali, mistari ya vidole huwa imelika na alama hutoka kama doa jeusi tu, kwa hiyo pumzisha mikono siku chache na uipake mafuta usiku, lakini siku yenyewe ufike nayo ikiwa safi na mikavu. Alama huchukuliwa kwenye vituo vya Huduma na katika makao makuu ya DCI yaliyoko Kiambu Road, Nairobi. Beba kitambulisho halisi pamoja na nakala yake.

Cheti kikitoka, kisome chote kabla ya kukituma popote. Kikionyesha kesi iliyokwisha, andika barua fupi kwa DCI ukiomba rekodi irekebishwe, uambatishe nakala zilizothibitishwa, na uhakikishe nakala unayobaki nayo imepigwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Taja Ibara ya 35(2) ya Katiba, inayompa kila mtu haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari isiyo ya kweli au ya kupotosha inayomwathiri, na kifungu cha 40 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Usipojibiwa, peleka malalamiko kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambaye sheria inamtaka ayachunguze na kuyamaliza ndani ya siku 90. Ule muhuri wenye tarehe ndio utakaoonyesha ulianza kungoja lini.

Kuhusu mwajiri, sheria ya ajira ilirekebishwa mwaka 2022, na sasa hatakiwi kukudai vyeti vya namna hii kabla hajakusudia kukupa mkataba. Hii ina maana kwamba mara nyingi una nafasi ya kueleza kesi yako mwenyewe, karatasi mkononi, badala ya kuachia cheti kikuzungumzie.

Fomu zenyewe zinahitaji macho. Swali la kama umewahi kupatikana na hatia na swali la kama umewahi kukamatwa si swali moja. Aliyeachiliwa hujibu la kwanza kwa hapana bila kusema uongo, lakini fomu ya viza ya Marekani, DS-160, ambayo mwanafunzi pia huijaza, huuliza wazi kama umewahi kukamatwa au kutiwa hatiani. Hapo jibu ni ndiyo, hata kama kesi iliisha miaka kumi iliyopita. Jaza maelezo mafupi yenye tarehe, mahakama na namna kesi ilivyoisha, na siku ya mahojiano ubebe uamuzi uliothibitishwa pamoja na cheti.