Namna ya kushona bango la maandamano kama la wanawake wa 1908

Kila ikikaribia tarehe 8 Machi, wateja huniletea kitambaa cha mita moja na sentensi ya mita tatu. Huwa nawaambia punguzeni. Si ubishi wangu tu. Mary Lowndes, fundi wa vioo vya rangi aliyebuni mabango mengi ya wanawake wa Uingereza waliodai kura, aliwaonya wenzake mwaka 1909 kwamba bango la kitambaa si tangazo la kusomwa. Kazi yake ni kupepea na kuonyesha rangi. Fanya kama jina la kanga: ukipishana nalo njiani, umeshalipata. KURA KWA WANAWAKE yatosha.

Rangi kwanza. Chama cha WSPU cha Emmeline Pankhurst, kimojawapo cha vyama vya wanawake hao wa Uingereza, kilichagua zambarau, nyeupe na kijani mwaka 1908: heshima, usafi na tumaini. Wafuasi wa Millicent Fawcett, kiongozi mwingine wa wadai kura, ambao hawakutaka kuvunja sheria, walibeba nyekundu, nyeupe na kijani. Usichanganye, mwalimu wa historia akiona utafumua.

Chukua pamba nzito. Satini inang'aa vizuri lakini inateleza chini ya cherehani, na bila bitana haikai.

Kata upana wa mita moja, urefu mita moja na nusu. Juu acha sentimita 10 za kukunja uwe mfuko wa kupitishia ufito, na mshono wake uupige mara mbili, maana uzito wote unaning'inia hapo. Herufi zichore kwenye gazeti, zikate, kisha ndiyo ukate kitambaa. Kimo sentimita 15, si pungufu. Zishonee kabla ya kutia bitana, kingo zote kwa zigizaga.

Sasa sehemu ninayoipenda. Kuna bango la 1910 ambalo katikati yake lina vipande 80 vya kitani, kila kimoja kimedariziwa sahihi ya mwanamke aliyefungwa kwa kudai kura na kugoma kula gerezani. Ann Macbeth wa Glasgow ndiye aliyelibuni. Hilo nanyi mnaliweza. Kila msichana aandike sahihi yake kwa penseli kwenye kipande cha kiganja kimoja, mwandiko wake mwenyewe hata kama mbaya, kisha aufuate kwa uzi wa zambarau, sindano ikirudi nyuma kidogo kila hatua. Msimpe fundi awadarizie. Nitakataa. Vipande vikishakamilika, vipangeni chini ya maneno, mvishone kingo.

Siku yenyewe, funga kamba ndefu kila ncha ya ufito wa juu. Hapa Tanga upepo wa baharini hauna adabu: wasichana wawili wazishike kamba hizo, watembee hatua moja mbele ya mbebaji, wazikaze.