Kabla ya Kumpokea Mtoto wa Ndugu Aliyeshindikana

Kikao cha ukoo huisha kwa neno moja: "Akakae kwa baba yake mdogo, kule atanyooka." Ukikubali palepale, umekosea. Omba wiki mbili.

Wiki hizo zitumie kwanza kuujua mwenendo wa maisha yake. Kikao kitakwambia ni jeuri, anatoroka shule, ana mkono mrefu. Waulize waliolala naye nyumba moja: nani alikuwa anampiga, mama alipofariki alibaki na nani, ameshapitishwa nyumba ngapi. Mtoto wa miaka 13 anayeingia nyumba ya tatu au ya nne anangoja siku ya kufukuzwa, na mara nyingi ataichokoza ije mapema. Kwa hiyo wewe na mwenzio mkubaliane kabla hajafika: "nitakurudisha ulikotoka" haitamkwi humo ndani, hata kwa hasira. Mimi niliitamka wiki ya pili, kwa ajili ya sahani ambazo hakuosha. Alifungasha usiku uleule. Hakuondoka, lakini mwaka mzima nguo zake zilikaa kwenye begi wakati kabati lilikuwa tupu.

Fimbo nayo izungumzeni mapema. Aliyekulia kwenye kipigo ameshaizoea, haimfundishi jipya. Wekeni masharti machache: kurudi kabla ya giza, kwenda shule, kutogusa cha mtu. Kununa, kujibu kwa mkato na kufunga mlango kwa kishindo vivumilieni kwanza. Na bibi, kama yupo, asije akatengua kwa siri mlichokubaliana.

Watoto wenu waambieni ukweli kwa kiasi chao, na msimpokonye yeyote kitanda. Kama kuna dalili kwamba mgeni aliwahi kufanyiwa ukatili wa kingono, atafutiwe pa kulala peke yake, hata kwa pazia sebuleni, na muende kwa afisa ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi. Namba 116, ya simu ya msaada kwa watoto, hupigwa bure.

Makaratasi yanachosha lakini yasiachwe: cheti cha kuzaliwa, uhamisho wa shule pamoja na namba yake ya PReM (ya usajili wa mwanafunzi), na kama mzazi mmoja yu hai, ridhaa yake kwa maandishi mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009 inamhesabu kuwa mtoto hadi atimize miaka 18, kwa hiyo akija na miaka 13, jiulize kama unaiweza miaka mitano.

Fedha? Ada ya shule za serikali ilifutwa hadi kidato cha nne mwaka 2016, ila sare, madaftari na chakula vipo palepale. Walionyoosha mikono kikaoni wataje kiasi na tarehe kabla mtoto hajapanda basi. (Ahadi za kwenye grupu la WhatsApp mnazijua.)

Mwisho, mpigie mtoto mwenyewe. Usimhubirie. Muulize anapenda chakula gani, na ni nani huko aliko angependa kuendelea kuongea naye. Akijibu "sijui", mwambie utampigia tena Jumapili. Jumapili ikifika, piga.