Namna ya Kuandika Wasifu wa Mwanasayansi wa Kompyuta: Mfano wa Karen Spärck Jones

Wasifu wa mwanasayansi wa kompyuta, hasa anapokuwa mwanamke, mara nyingi huandikwa kinyume: nafasi kubwa hupewa vikwazo alivyokutana navyo na tuzo alizotunukiwa, huku kazi yenyewe ikitajwa kwa sentensi moja isiyoeleweka. Mwongozo huu unapendekeza uanze na kazi, uieleze hadi msomaji aweze kuifanya kwa kalamu na karatasi, kisha ndipo upange maisha ya mhusika kuizunguka. Mfano wetu ni Karen Spärck Jones, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1935 na kufariki mwaka 2007, ambaye wazo lake moja limeingia katika misingi ya utafutaji wa habari kwa kompyuta.

Chagua kwanza kazi moja tu, hata kama mhusika ana kumi. Kwa Spärck Jones, chagua makala aliyoichapisha mwaka 1972 katika jarida la *Journal of Documentation*. Anza na tatizo kabla ya jibu: mtu anaipa mashine maneno machache, nayo inapaswa kuamua ni hati zipi zitangulie, lakini maneno hayo hayana uzito sawa. Hapa usitafsiri mfano wa Kiingereza, tunga wako. Tuseme tuna makala 1,000 za Kiswahili, na mtu anatafuta «soko na karafuu». Neno «na» limo katika makala zote 1,000, «soko» limo katika 100, na «karafuu» limo katika 10 pekee. Spärck Jones alionyesha kwamba neno linalopatikana katika hati chache lipewe uzito mkubwa kuliko lililotapakaa kila mahali. Kwa umbo la hesabu linalotumika sana leo, tunagawanya idadi ya hati zote kwa idadi ya hati zenye neno hilo, kisha tunatafuta logi ya jibu, yaani kipeo ambacho 10 hupandishwa ili kulipata jibu hilo. Kwa «na» tunapata 1, ambayo logi yake ni 0. Kwa «soko» tunapata 10, ambayo logi yake kwa kizio cha kumi ni 1. Kwa «karafuu» tunapata 100, na logi ni 2. Mashine basi italipuuza «na» na kuzipandisha juu makala zinazotaja karafuu, bila kufundishwa sarufi wala maana. Aliyesoma logi sekondari anaweza kuifuata hesabu hii yote, na ndiyo maana inastahili aya nzima na ndefu.

Ukishaieleza kazi, iwekee mipaka. Ni kosa kuandika kwamba Spärck Jones aligundua injini za utafutaji. Wazo la kuhesabu mara ambazo neno linajirudia ndani ya hati lilikuwa limependekezwa na Hans Peter Luhn wa kampuni ya kompyuta ya IBM katika miaka ya 1950, na mwaka 1976 Spärck Jones mwenyewe aliandika pamoja na Stephen Robertson makala muhimu kuhusu kupima uzito wa maneno kwa njia ya uwezekano. Kuwataja wenzake hakumpunguzii chochote. Badala yake, msomaji anaona waziwazi ni tofali lipi aliloliweka yeye.

Sasa rudi kwenye maisha, ukiuliza kila hatua ilichangia nini katika kazi hiyo. Alizaliwa Huddersfield, mama yake alikuwa Mnorwei na baba yake Mwingereza mhadhiri wa kemia. Katika Chuo cha Girton, Cambridge, alisoma historia, kisha falsafa, akafundisha shule kwa muda mfupi kabla ya kujiunga na kikundi cha utafiti wa lugha kilichoongozwa na mwanafalsafa Margaret Masterman. Tasnifu yake ya uzamivu ya mwaka 1964 ilihusu visawe na uainishaji wa maana. Usizipite hatua hizi haraka, kwa kuwa zinaonyesha kwamba aliifikia kompyuta kupitia swali la maana ya maneno, si kupitia shahada ya hisabati.

Kuhusu ajira, acha tarehe ziseme. Kwa miongo kadhaa alitegemea ruzuku za utafiti na mikataba ya muda, na Chuo Kikuu cha Cambridge kilimfanya profesa mwaka 1999, yaani miaka 27 baada ya makala ile ya mwaka 1972. Ziandike tarehe hizo mbili karibu karibu, katika aya moja, na usibuni nia za watu ambao huna ushahidi wa walichofikiri. Msimamo wake mwenyewe uupe nafasi, kwa sababu aliutangaza bila kuficha: alisema kompyuta ni jambo muhimu mno kuachiwa wanaume, na alihimiza wanawake waingie katika taaluma hiyo.

Mumewe, Roger Needham, waliyeoana mwaka 1958, naye alikuwa mwanasayansi wa kompyuta Cambridge. Mtaje pale kazi zao zinapokutana, lakini usimtambulishe mke kupitia mume. Jina la ukoo liandike kamili, Spärck Jones, kwani limeunganisha upande wa mama na wa baba. Kuandika «Jones» pekee ni kumkata nusu.

Tuzo zipite kwa sentensi moja au mbili: uanachama wa British Academy, taasisi ya wanazuoni ya Uingereza, mwaka 1995, na Nishani ya Lovelace, tuzo ya chama cha kompyuta cha Uingereza, mwaka 2007, mwaka aliofariki.

Kabla ya kuchapisha, mpe rasimu mtu asiyejua lolote kuhusu kompyuta, kisha umwombe akokotoe uzito wa neno linalopatikana katika makala moja tu kati ya zile 1,000. Jibu ni 3. Asipolipata, iandike upya aya ya hesabu, si aya nyingine yoyote.