Jaribu kuzima rimoti kabla ya kurusha ndege, propela ikiwa imetolewa

Kila unapofunga risiva mpya (kifaa kinachopokea amri za rimoti) kwenye ndege ya modeli yenye mota ya umeme, au unapoioanisha upya na rimoti, toa propela kwanza, washa rimoti, unganisha betri ya ndege, sukuma kijiti cha kasi hadi robo, kisha zima rimoti huku mota ikizunguka. Mota inapaswa kusimama ndani ya sekunde chache. (Baadhi ya rimoti huuliza kama una uhakika, kwa kuwa zinaona risiva bado imewaka, kubali tu.) Mota ikiendelea kuvuma, huenda risiva inashikilia amri ya mwisho iliyopokea, na ndege itakayopoteza mawimbi angani itakwenda na nguvu hiyo hiyo hadi igonge kitu. Baadhi ya risiva za 2.4 GHz huhifadhi mahali kijiti kilipokuwa wakati wa kuoanisha, hivyo oanisha tena kijiti kikiwa chini kabisa, urudie jaribio. Rudia pia ukigeuza mwelekeo wa chaneli ya kasi, maana thamani iliyohifadhiwa kama kasi ya chini inaweza kugeuka kuwa ya juu kabisa. Kwa injini ya mafuta, usiiwashe: tazama tu kama mkono wa servo (mota ndogo inayosogeza sehemu za ndege) unafunga kabureta. Jaribio hili halipimi umbali wa mawimbi, wala halisaidii risiva yenyewe ikikatikiwa umeme, kwa sababu hapo servo hazipokei amri yoyote.