Namna ya Kutafuta Habari za Kijiji au Shamba la Tanga katika Nyaraka za Zamani

Mwongozo huu umetokana na siku nilizomsaidia mama mmoja wa Ngamiani, aliyetaka kujua jinsi shamba la babu yake, upande wa Muheza, lilivyoingia katika eneo la mkonge wakati wa Wajerumani.

Hatua ya 1. Kaa na wazee wa ukoo kwanza, kisha andika swali moja lenye jina la mahali na mwaka wa kukadiria.

Hatua ya 2. Ukitafuta picha za mji, anzia Makumbusho ya Urithi yaliyomo katika boma la zamani hapa Tanga. Kwa majalada ya utawala jiandae kufika Dar es Salaam, katika Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, ukiwa na barua ya utambulisho.

Hatua ya 3. Kabla ya kuagiza jalada lolote, andika kila namna ambayo jina la mahali pako lingeweza kuandikwa. Hapa ndipo nilipopoteza siku mbili nzima, nikiagiza "Muheza" na kuambulia majalada ya Waingereza peke yake, mpaka mtunza nyaraka mmoja aliponielekeza nitafute "Muhesa". Karani wa Kijerumani aliandika alichosikia kwa herufi za kwao: sauti yetu ya z aliiandika kwa s, v kwa w, y kwa j, na ch kwa tsch. Ndiyo maana Vuga ni "Wuga" na Wazigua ni "Wasegua". Hata hivyo usiitegemee kanuni hiyo kupita kiasi, kwa sababu makarani hawakukubaliana wao kwa wao, na jina moja huweza kubadilika ndani ya jalada lilelile. Mahali pengine jina lilikuwa jingine kabisa. Lushoto iliitwa Wilhelmstal. Tena mipaka ilihama: Upare, ambao leo umo Kilimanjaro, ulikuwa katika Jimbo la Tanga wakati wa Waingereza, kwa hiyo mtu wa Same asishangae kuelekezwa kwenye majalada ya Tanga. Mimi hutengeneza jedwali la safu tatu, yaani jina la leo, la Kijerumani na la Kiingereza, na huliandika kwenye daftari. Kompyuta huisha chaji saa ileile unapoihitaji.

Hatua ya 4. Barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu zina tarehe za Hijria. Usiongeze tu miaka 622 ukadhani umemaliza, kwa kuwa mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kama 11. Mwaka 1310, kwa mfano, ulianza Julai 1892. Aidha Mfungo Nne si Aprili bali ni Muharamu, kwa maana hesabu ya mifungo huanzia Shawali, baada ya Ramadhani.

Hatua ya 5. Tumia penseli, kamwe si kalamu ya wino. Glavu za kitambaa sizipendi kwa karatasi, maana vidole hupoteza hisia na ukurasa mkavu huchanika. Mikono iliyonawiwa na kukaushwa inatosha. Ukiruhusiwa kupiga picha, zima taa ya simu, na picha ya kwanza iwe ya jalada la nje, namba yake ikisomeka.