Kamera Yako Haitokei Kwa Kompyuta? Usikimbilie Fundi

Juzi usiku, saa tano na kitu, shangazi ya bibi harusi mmoja wa Shela, hapa Lamu, kanipigia simu sauti imemkauka. "Mwanangu, kamera imekufa na picha zote za kupamba zimo ndani." Nikamwuliza, imekufaje shangazi, inawaka? Inawaka. Picha ukizitazama kwa kioo chake zipo? Zipo. Basi haijakufa, kompyuta ndo haiioni, na hayo ni mambo mawili mbali mbali.

Mimi hupiga picha za ndani, upande wa wanawake, kule simu huachwa mlangoni. Kwa hivyo msiniambie mambo ya "peleka kadi saiba pale Mkunguni watakutolea". Kadi ina mabibi wako vichwa wazi, haiingii kwa kompyuta ya mtu nisiyemjua hata kidogo. Lazima ujue kuzitoa mwenyewe, nyumbani kwako, na ndo sababu naandika hapa ili nisipigiwe simu tena saa tano.

Hatua ya 1: Hakikisha haipo kweli

Watu wengi huchomeka kamera halafu wanangoja itoke herufi, E au F, kama flashi. Haitatoka. Kamera nyingi, na Canon EOS zote nilizowahi kushika, hazijitambulishi kwa kompyuta kama draivu, zinazungumza lugha nyengine inayoitwa PTP, au MTP kwa zengine, ambayo kamera yenyewe ndo inatoa picha moja moja ikiombwa, kompyuta haiigusi kadi. Kwa Windows fungua "This PC" utafute kijipicha cha kamera chenye jina lake, hakina herufi yoyote, ukikifungua ndani mna folda ya DCIM na ndani yake folda kama 100CANON. Hizo ndo picha zako. Mwenye Mac asihangaike kuitafuta Finder, afungue programu ya Image Capture, imo mle mle ndani ya Mac.

Shangazi naye robo saa nzima anatafuta herufi! Lakini kwake hata kijipicha hicho hakikuwepo, kwa hivyo tukaendelea.

Hatua ya 2: Setingi ya USB

Kwa Sony kama a6000 ingia menyu, kwenye kisanduku cha zana, utafute "USB Connection", uweke Mass Storage. Hapo sasa itatoka na herufi kama flashi. Ukiikuta imewekwa PC Remote ujue kuna mtu aliichezea, na hutaona picha hata ukeshe. Canon nyingi hazina hio setingi, usipoteze muda kuitafuta. Ila kama Canon yako ina Wi-Fi, mfano 70D, izime kwanza, kwa sababu Wi-Fi ikiwa wazi waya haufanyi kazi.

Hatua ya 3: Waya. Hapa soma pole pole

Hapa ndo mimi nilipotezewa usiku mbili. Kamera yangu ni Canon 600D, ile ya tundu dogo la zamani, mini USB, na waya wake wa asili ulipotea siku nyingi kwa mashua ya Mokowe. Nikachukua waya wa kiredio cha mama cha kusikilizia Kurani, ukaingia sawa sawa, ukabana vizuri, nikachomeka: kimya. Nikatoa draiva, ile programu ya kompyuta ya kuitambua kamera, nikarudisha, nikazima laptopu nikawasha, nikashusha programu ya Canon kwa bando za simu zikaisha, nikaanza kufikiria kupiga Windows upya. Siku ya pili ndugu yangu ambaye kazi yake ni injini za boti, hata kamera haijui, akauchukua ule waya akaukata kwa kisu mbele yangu. Ndani mna nyuzi mbili tu, nyekundu na nyeusi. Basi.

Waya wa USB wa kupitisha picha una nyuzi nne zisizopungua: mbili za moto, mbili za data. Ule wa kuchaji tu huekwa zile mbili za moto peke yake, na kwa nje huwezi kujua, plagi ni ile ile na tundu ni lile lile. Ubaya zaidi 600D haichaji kwa USB, kwa hivyo huoni taa wala dalili yoyote, unadhani kamera imekufa. Na ikiwa yako inachaji kwa USB, mfano hio a6000, utadanganyika kinyume chake: taa inawaka, unasema waya mzima, kumbe unapitisha moto tu.

Huna haja ya kuukata. Upime kwa kitu chengine chenye tundu kama hilo ambacho unajua kinapitisha data, kama ni micro USB tumia simu ya zamani: ikichaji tu na kompyuta isiseme kitu hata ukichagua kuhamisha mafaili, waya huo rudisha ulikoutoa. Lakini simu nayo iwe haijafungwa kioo, maana ikifungwa haitoi mafaili, ukalaumu waya bure. Usipitishe kwa habu, kile kigawa matundu ya USB, chomeka kwa laptopu moja kwa moja, na kama ni kompyuta ya mezani tumia matundu ya nyuma. Jaza betri kwanza, na uiambie kamera isijizime mapema. Tena tazama tundu lenyewe kwa tochi, huku kwetu chumvi haina adabu, ukiona ukijani kijani kwenye vyuma hio ni kutu ya shaba, waya mpya hautasaidia.

Hatua ya 4: Kompyuta

Fungua Device Manager, kamera ikiwa na alama ya njano itoe hapo (Uninstall), chomoa, washa upya, chomeka. Kama ni Windows yenye herufi N mwisho wa jina, ongeza Media Feature Pack, bila hio MTP haipo.

Hatua ya 5: Wacha waya, nunua kadi rida

Kusema kweli ningekuwa mimi ningeanza hapa. Kadi rida, kile kifaa kidogo cha kusomea kadi, ni bei ya sahani ya biriani, haili betri ya kamera, na kadi inatoka kama draivu ya kweli yenye herufi. Zima kamera, toa kadi, panguza vile vyuma vyake kwa kitambaa kikavu, chomeka. Angalia tu rida isiwe ya kale: kadi zaidi ya 32GB ni aina ya SDXC, na rida za zamani zilizotengenezwa kwa SDHC, zile za mpaka 32GB, huenda zisiisome. Na ikiwa imeingia lakini haina herufi, andika diskmgmt.msc kwa kitafutio, uibofye kulia uipe herufi.

Sasa, ikitoka ile sentensi ya kwamba lazima uifomati ndo uitumie, mkono juu! Usibofye. Usipige picha nyengine kwa kadi hio pia. Programu ya PhotoRec ni ya bure, inaweza kufukua picha, lakini lazima iione kadi kama draivu, kwa hivyo kwa waya wa Canon haitafanya kitu, na zile zinazofukuliwa zihifadhi diski nyengine, si kadi ile ile.

Shangazi tulimkuta na waya wa spika, ule wa kuchaji tu. Kijana wao akaazima kadi rida kwa jirani, saa sita na nusu picha zikaanza kushuka, mia nne na kitu. Ujumbe wa kwanza alionitumia baada ya hapo: "Mwanangu, hii ya tatu naweza kuifuta? Nimefumba macho."